Unataka piano ya kidijitali? Angalia kwanza unamwuliza nani

JE, mwanao amerudi nyumbani kutoka darasa la muziki na habari kwamba mwalimu anataka awe na piano ya kufanyia mazoezi? Ikiwa ndivyo, yamkini umeshaanza kuuliza huku na huko. Na yamkini umegundua jambo moja la ajabu: kila unayemwuliza ana jibu tayari, na hakuna majibu mawili yanayofanana.

Mwuzaji dukani amekuonyesha kinanda kinachowaka taa, chenye midundo mia mbili. Kijana anayepiga kinanda kanisani amekwambia piano ni kupoteza pesa, nunua kama changu. Shemeji aliye Marekani ameapa kwamba ukinunua hapa Kenya utapunjwa, ungoje yeye atume. Jirani anamjua mtu mwenye piano ya mtumba kutoka Japani, "safi kabisa". Mwalimu naye ameandika jina moja tu kwenye kijikaratasi, na ulipoambiwa bei yake ilibidi utafute kiti.

Wahenga walisema kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Lakini usidhani kwamba hawa wote ni walaghai. Wengi wao wanakwambia ukweli wanaoujua. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe, wala hajui swali lako ni lipi.

Na jambo lenyewe si dogo. Kwa familia nyingi za mjini, pesa hizi zinalingana na karo ya muhula mzima, pengine zaidi. Isitoshe, hasara ya pesa ndiyo nafuu. Mtoto anayefanya mazoezi mwaka mzima kwenye chombo kisichofaa huingia katika chumba cha mtihani akakuta vibao vya piano ni vizito kuliko alivyozoea. Vidole vinachoka, noti nyingine hazilii, na wimbo aliokuwa ameuhifadhi barabara unamvurugikia mbele ya mtahini. Mtoto huyo hatasema kwamba kinanda cha nyumbani ndicho kibaya. Atasema yeye hana kipaji.

Piano ni nini hasa?

Kabla hujamwuliza mtu yeyote, ni vyema ujue unatafuta nini. Vinanda vingi vya nyuzi vilivyotumika Ulaya kabla ya piano vilikuwa vikidonoa nyuzi zake kwa vijiti vidogo. Ubonyeze pole, ubonyeze kwa hasira, sauti ilikuwa ile ile. Mnamo mwaka wa 1700 hivi, fundi mmoja wa mji wa Florence nchini Italia, Bartolomeo Cristofori, alitengeneza kinanda ambacho badala ya kudonoa kilizipiga nyuzi kwa nyundo ndogo. Kidole kikibembeleza, sauti ilitoka ya chini; kidole kikipiga, sauti ilivuma. Kwa hiyo kikaitwa kinanda cha "piano e forte", maneno ya Kiitaliano yenye maana ya sauti ya chini na sauti ya nguvu. Baadaye watu walifupisha, likabaki neno piano.

Hapo ndipo penye siri yote. Chombo kisichotambua tofauti kati ya kidole kinachobembeleza na kidole kinachopiga si piano, hata kiwe na taa ngapi.

Piano ya kidijitali haina nyuzi. Sauti zake zilirekodiwa kutoka kwa piano halisi, noti kwa noti, zikahifadhiwa ndani ya mtambo. Chini ya kila kibao kuna vihisi viwili au vitatu vilivyopangwa kwa ngazi. Kibao kikishuka hugusa cha kwanza, kisha cha pili, na mtambo hupima muda uliopita katikati. Muda ukiwa mfupi, mtambo hujua umepiga kwa nguvu. Ukiwa mrefu, hujua umegusa polepole. Kwa njia hiyo ndivyo unavyoamua itoe sauti gani.

Lakini vihisi peke yake havimfunzi mtoto. Vidole vinahitaji kitu cha kusukuma. Ndiyo maana ndani ya piano nzuri ya kidijitali kila kibao kimeunganishwa na nyundo ndogo yenye uzito, ambayo haipigi chochote. Kazi yake ni kumpa mchezaji uzito ule ule wa piano halisi. Vibao vya kushoto, vya sauti nzito, huwa vizito zaidi, na uzito hupungua kadiri unavyokwenda kulia. Vinanda vya bei nafuu havina nyundo hizi. Vina springi tu, na vibao vyake hurudi juu haraka kama vitufe vya kikokotoo.

Basi mambo ya lazima ni matatu: vibao 88, vibao hivyo viwe na uzito wa nyundo, na pawe na pedali ya mguu inayodumisha sauti. Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza, ambayo mitihani yake hufanywa na wanafunzi wengi wa Kenya, inakubali piano ya kidijitali kwa masharti yasiyo mbali na haya. Tangu 2020 bodi hiyo ina hata mitihani ambayo mtahiniwa hujirekodi kwa video akiwa nyumbani na kuituma. Kwa hivyo mtu akikwambia kwamba mtoto hawezi kufika popote bila piano ya mbao na nyuzi, mshukuru kwa nia njema na uendelee na safari yako. Piano ya aina hiyo hata ikiwa ile ya kusimama ukutani ina uzito wa zaidi ya kilo 200, inahitaji fundi wa kulinganisha nyuzi angalau mara moja kwa mwaka, na wewe unaishi orofa ya nne isiyo na lifti. Piano ndogo ya kidijitali ina uzito wa kilo 11 hivi, na mtoto anaweza kuvaa hedifoni akacheza saa nne usiku bila kumwamsha mwenye nyumba.

Katika hayo matatu, watu wengi hushikilia idadi ya vibao kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho. Mimi ningeanza na uzito. Mozart mwenyewe, aliyefariki 1791, alipiga piano zilizokuwa na vibao 61 tu, na hakuna aliyemwambia hajui muziki. Lakini piano hizo, ingawa vibao vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya siku hizi, zilikuwa na nyundo na zilikitii kidole. Mtoto wa gredi ya kwanza hatamaliza vibao 61, ilhali uzito na utiifu wa kibao atauhitaji tangu siku ya kwanza.

Hali kadhalika, usidanganywe na jina lililo kwenye kasha. Roland GO:PIANO88, kwa mfano, ina vibao 88 na neno piano limeandikwa wazi, lakini vibao vyake havina nyundo. Yamaha NP-35 ina vibao 76 vyepesi. Si vyombo vibaya, kila kimoja kina kazi yake, ila si kazi hii ya mwanao. Maneno "uzito nusu" pia yana mtego: aghalabu huwa na maana ya springi iliyokazwa kidogo.

Kijana wa kanisani

Sasa turudi kwa washauri wako. Wa kwanza ni kijana anayepiga kinanda kanisani, na nitakaa kwake kidogo kwa sababu ndiye ambaye familia nyingi humwendea kwanza. Ni mtu wa nyumbani, humlipi chochote, na umemwona kwa macho yako akiinua ibada nzima Jumapili.

Angalia kazi anayoifanya. Anahitaji ngoma, gitaa la besi na tarumbeta, zote kutoka kwenye chombo kimoja. Anahitaji kitufe cha kuhamisha ufunguo wa wimbo mara tu mwimbishaji anapoanzisha juu mno. Anahitaji chombo chepesi cha kubeba kwenye matatu akienda kwenye krusedi. Kwake yeye, vibao vyenye nyundo ni mzigo tu, kwa maana mkono wake wa kushoto unashika kodi na mdundo unajiendesha wenyewe. Kinanda cha vibao 61 chenye midundo ndicho hasa chombo chake, naye akikisifu hasemi uongo.

Lakini mwanao anajifunza mikono miwili ifanye kazi mbili tofauti, mmoja upige pole na mwingine kwa nguvu, bila mdundo wa kumbeba. Hilo kijana huyu hajakuuliza, na pengine hata wewe hukumwambia. Badala ya kumwuliza "ninunue kinanda gani?", mwambie hivi: "Mtoto anasoma piano kwa vitabu vya gredi, mwalimu ni fulani, tunatarajia mtihani mwakani. Je, wewe ulisoma kwa njia hiyo?" Ikiwa alisoma, jibu lake litabadilika papo hapo. Ikiwa hakusoma, wengi wao watakwambia kwa uungwana kwamba hilo hawalijui.

Waama, swali likiulizwa kinyume, jibu pia hugeuka. Ikiwa mwanao mwenye miaka kumi na sita hataki gredi wala vitabu, anataka kujiunga na bendi ya vijana kanisani, basi kijana huyo ndiye mshauri wako bora na mwalimu wa piano ndiye atakayekupotosha.

Mwuzaji na hesabu zake

Katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, na hata katika maduka makubwa ya ala za muziki, mwuzaji atakutajia hesabu: sauti 400, midundo 200, nyimbo 100 ndani yake. Mwache amalize. Piano ya kujifunzia huenda ikawa na sauti kumi tu, na mtoto atatumia moja.

Hesabu moja ndiyo ya maana, nayo mara nyingi haitaji: ni noti ngapi zinaweza kulia kwa pamoja kabla ya mtambo kuanza kuzikata za zamani. Mchezaji akikanyaga pedali, noti alizopiga mwanzo huendelea kulia huku akiongeza nyingine, na hesabu hupanda upesi. Yamaha P-145 na Casio CDP-S110 zina 64, Roland FP-10 ina 96, Kawai ES120 ina 192. Kwa miaka ya mwanzo 64 zinatosha. Zote nne zina vibao 88 vyenye nyundo, na nimezitaja ili upate mahali pa kuanzia. Duka unaloingia huenda likawa na nyingine za kiwang cha namna hiyo hiyo.

Mwulize mwuzaji maswali haya, kisha usikilize jinsi anavyojibu kuliko anachojibu. Je, dhamana ni ya nani, ya kampuni iliyotengeneza au ya duka lenyewe? Kifaa kikiharibika kinapelekwa wapi, na fundi wao ni nani? Adapta ikiungua, mnayo nyingine hapa? Je, naweza kuja Jumamosi na mtoto acheze nusu saa? Mwuzaji wa kweli hufurahia swali hilo la mwisho. Anayesema kasha halifunguliwi mpaka ulipe anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Jambo jingine: uliza kama bei ni pamoja na kisimamio na pedali. Piano nyingi huja na pedali ya plastiki, kijikanyagio chepesi kinachoteleza sakafuni kila mtoto anapokikanyaga. Pedali ya chuma na kisimamio imara huuzwa mbali, na ndipo hesabu yako ya nyumbani inapovunjika. Kisimamio kinachoyumba humfanya mtoto acheze kwa woga, kwa hiyo usikiache kwa ajili ya kubana matumizi.

Mwalimu

Mwalimu ndiye anayeujua mkono wa mwanao. Yeye peke yake ndiye anayeweza kukwambia kwamba mtoto huyu ana miezi mitatu tu na bado hajaamua kama anapenda, ngoja. Au kwamba huyu anakimbia, usimnunulie cha kuanzia atakachokikinai baada ya mwaka.

Hata hivyo, walimu wengine hupewa asilimia na duka wanakowapeleka wazazi. Si dhambi, lakini una haki ya kujua. Muulize kwa heshima: "Mwalimu, ukiacha hiyo uliyoniandikia, ya pili kwako ingekuwa ipi? Na ya tatu?" Mwalimu anayefikiria mtoto atakuwa na ya pili na ya tatu, na atakueleza tofauti. Mwenye duka moja tu kichwani atarudia jina lile lile.

Ikiwa huna mwalimu bado, usianze na kununua. Nairobi ina Kenya Conservatoire of Music, taasisi iliyoanza 1944, na vilevile kuna walimu katika shule na makanisa mengi ya miji mingine. Lipia masomo ya muhula mmoja, mtoto afanyie mazoezi huko huko au shuleni. Utapata mambo mawili kwa pamoja: utajua kama hamu yake ni ya kweli, na utapata mshauri asiyekuuzia chochote.

Kuna mshauri mwingine ambaye wazazi humsahau kabisa, naye ni mwanafunzi aliyemtangulia mwanao kwa miaka mitatu au minne. Yule msichana wa gredi ya tano anayecheza piano ya kidijitali kwao nyumbani anajua kinachochoka kwanza, kinachompa taabu, na kile alichotamani mama yake angekinunua. Mnunulie soda umsikilize. Ikiwezekana, mwombe mzazi wake aandamane nawe dukani.

Fundi, na mambo ya stima

Huyu mwulize kabla ya kununua, si baada. Fundi wa elektroniki anayetengeneza vinanda anaona ubavuni mwa meza yake kila wiki kile ambacho mwuzaji hakioni kamwe. Atakwambia ni aina gani zinazoletwa mara kwa mara, na ni zipi ambazo vipuri vyake hupatikana. Aghalabu atakwambia pia kwamba kinachoua piano hizi si kucheza. Ni chai iliyomwagika, vumbi, na stima.

Stima yetu ni ya volti 240. Inapopotea na kurudi kwa kishindo, hurudi na nguvu inayoweza kuunguza adapta au hata mtambo wenyewe. Kile kifaa kidogo unachoweka kwenye friji ili kusubiri stima itulie kinafaa piano pia, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na hasara. Mfundishe mtoto kuchomoa piano kwenye soketi stima inapopotea.

Adapta ikipotea au kuharibika, usichukue yoyote inayoingia kwenye tundu. Piano nyingi ndogo hutumia volti 12 au karibu na hapo, lakini si zote. Soma maandishi nyuma ya piano: volti ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi, na kile kijimchoro cha alama ya kujumlisha na kutoa kifanane. Kampuni moja huweka alama ya kujumlisha katikati ya pini, nyingine huweka ya kutoa. Ukikosea hapo, unaweza kuiua piano kwa sekunde moja.

Shemeji wa ng'ambo na piano ya mtumba

Maneno hayo ya stima ndiyo yatakayokusaidia kumjibu shemeji. Marekani hutumia volti 120, Japani volti 100. Adapta iliyoandikwa 100 hadi 240 haina shida, badilisha plagi tu. Iliyoandikwa 120 pekee itaungua siku ya kwanza. Zile piano kubwa za kabati zilizotengenezwa kwa soko la Japani, ambazo waya wa stima huingia moja kwa moja ndani, zinahitaji transfoma. Tena mwulize shemeji amepiga hesabu ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT, au ameangalia bei ya dukani kwake tu. Kuna na jambo la dhamana: piano iliyonunuliwa Dallas ikigoma Kayole, nani ataipeleka?

Kuhusu mtumba, mimi si miongoni mwa wanaousema vibaya. Piano nzuri ya miaka mitano iliyotunzwa inamfaa mtoto kuliko kinanda kipya cha springi cha bei hiyo hiyo. Lakini mtumba una ukaguzi wake, na ukaguzi huo haufanywi kwa macho.

Nenda na mtu anayecheza. Mwombe abonyeze vibao vyote 88, kimoja kimoja, pole kabisa, bila kuruka hata kimoja. Kisha arudie kwa nguvu. Kibao kinachonyamaza kikiguswa pole, au kinachopiga kelele ghafla ilhali vyenzake vimetulia, kina tatizo kwenye mipira ya vihisi. Fundi anaweza kuisafisha au kuibadilisha, lakini gharama hiyo iondoe kwenye bei. Sikiliza pia mlio wa "ta-ta-ta" wa plastiki chini ya vidole. Sufu ya ndani imeliwa. Ongeza sauti hadi karibu na mwisho na upige vibao vya kushoto: spika ikikereza, imechoka. Chomeka hedifoni, utikise waya wake kidogo. Kanyaga pedali. Uliza iliko adapta yake ya asili.

Na tafadhali, usitume hata shilingi kwa M-Pesa "kuzuia isichukuliwe" kabla hujaiona na kuisikia. Kutana na mwenye mali nyumbani kwake, si kando ya barabara. Mwombe risiti ya zamani. Kama hana, mwandikiane karatasi yenye namba ya piano iliyo mgongoni mwake, majina yenu na namba za vitambulisho. Asiyetaka kuandika ana sababu yake, wala huna haja ya kuijua. Ondoka.

Siku ya kwenda dukani

Siku hiyo mchukue mtoto. Nimeona baba wakinunua piano kama watu wanaonunua mabati, kwa kupiga simu na kuuliza bei. Mtoto acheze wimbo anaoujua vizuri, ule ule, kwenye piano mbili au tatu. Usimwambie bei ya yoyote. Mwambie afumbe macho apige kibao cha chini kabisa pole kadiri awezavyo bila kunyamaza, kisha cha juu kabisa. Halafu muulize ni ipi iliyomsikiliza. Watoto hujibu swali hilo upesi kuliko sisi.

Usitegemee video za kwenye simu kuamua sauti. Wengi wanaozitengeneza hupewa vyombo na kampuni au hulipwa unaponunua, na hata akiwa mkweli, unachosikia ni spika ya simu yako. Zinafaa kwa jambo moja: kujua vitufe viko wapi.

Ikifika nyumbani, isiwekwe chini ya dirisha linalopigwa na jua wala karibu na jiko. Walio Mombasa, Malindi na Lamu wanajua hewa ya chumvi inavyokula vyuma. Huko ifunikeni kila baada ya mazoezi, leso nzito inatosha. Kiti kiwe cha kimo ambacho mikono ya mtoto, kuanzia kwenye kisugudi, inalala sawa na vibao. Kiti cha mezani mara nyingi ni kifupi, weka mto. Kasha lenyewe usilitupe wala usiwape watoto wachezee mpaka dhamana iishe. Ukilazimika kuirudisha, duka litakuuliza kasha kwanza, halafu risiti.